Nilimwita kwa Siku Moja

Safari iliyomleta baba yangu Dubai ilianza kwenye basi, saa sita za kuteremka milima kutoka wilaya ambayo jina lake hadi leo silitamki sawasawa. Kutoka hapo alipanda treni, usiku mmoja na mchana mmoja kwenye kiti kisicholala, mpaka Guangzhou, ambako alifika siku moja kabla kwa kuogopa kuchelewa, akakaa uwanja wa ndege juu ya mzigo wake kama mlinzi. Kisha ndege. Alipojitokeza kwenye mlango wa wanaowasili alikuwa hajanyoosha mgongo kwa siku tatu. Haya sikuambiwa kwa maneno. Aliyachora baadaye mezani kwangu, nyuma ya kalenda ya duka la dawa: basi, treni, ndege, na chini ya kila picha idadi ya saa. Mzigo wenyewe niliuona kwa macho yangu: sanduku moja, mfuko wa uyoga mkavu, chupa ya chai yenye maua mekundu, na mfarishi wa pamba wa kulalia, uliofungwa kamba mara nne. Huo mfarishi ndio ulionishtua. Nilikuwa nimemwita kwa siku moja. Kwa alasiri moja, nikisema kweli: aje, akae mbele ya sheikh, aseme amemwoza binti yake, arudi kwao. Mtu anayekuja kwa alasiri moja habebi mfarishi.

Juzi, hapa Salala, Oman, mji wangu wa sita tangu nilipoondoka Dubai, nilipata ujumbe kwenye simu kutoka namba ya China. Aliyeandika alisema yeye ni mdogo wangu, mtoto wa baba kwa mke wa kule, na kwamba baba amefariki kwa ugonjwa wa mapafu na amezikwa mlimani, upande unaotazama bonde. Kilikuwa Kiingereza cha mashine, kimenyooka na kigumu. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, na jambo la kwanza lililonijia, naona haya kulisema, halikuwa huzuni. Nilijiuliza: huyu anataka nini? Miaka kumi na sita imepita na mazoea hayajanitoka. Mwaka ule niliokaa na baba nilijifunza kushuku kama wengine wanavyojifunza kushona, kidogo kidogo, kila siku, mpaka mikono inafanya yenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilifanya kazi ghalani Jebel Ali, kubandika lebo kwenye maboksi ya viatu, na nililala nyuma ya Al Rigga, kwenye fleti ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa mbao ikawa vitano. Chumbani nilikaa na Mishi, msichana wa Likoni aliyekuwa akitandika vitanda hotelini. Nilikuwa nimechumbiwa na Nassor, kijana mpole aliyezaliwa hukohuko Dubai, wazazi wake wa Unguja, nyumba yao Al Baraha ikinukia udi hadi kwenye ngazi. Mimi niliyehama vyumba vinne kwa miaka mitatu, nilipoingia nyumba ile na kuona kabati la vyombo ambalo halijasogezwa tangu Nassor hajazaliwa, niliitaka nyumba kabla sijajua kama namtaka mwenyewe. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa na sharti moja. "Baba mtu yu hai, ati, halafu mwanangu aoe bila ya walii wa mwanamke kusimama? N'take maneno ya watu mie? Na aje. Nataka kumuona huyo Mchina Muislamu." Maana hivyo ndivyo nilivyowaambia, na hivyo ndivyo mama yangu, Mungu amrehemu, alivyoniambia mimi: kwamba baba alikuja Handeni kuchimba visima, akasilimu, akaitwa Idrisa, akamuoa msikitini, mkataba ukaisha akaondoka nikiwa na miaka mitatu. Pasipoti yangu inasema Rukia Idrisa. Niliandika barua kwa Kiingereza cha shule kwenye anwani aliyoniachia mama, nikaeleza habari za harusi, na miezi minne baadaye mtu akasimama mbele yangu na mfarishi.

Alinitazama usoni, akatazama masikio yangu, la kushoto kisha la kulia, akatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika na kifaa. "Mtoto," akasema. Kisha: "Maji moto iko?" Kiswahili chake chote kilikuwa cha kisimani. Alijua kaza, legeza, vuta, bomba, mchanga, maji iko, maji hakuna, kesho, bado. Hakujua njaa wala samahani. Mimi sikujua hata neno moja la kwao. Katikati yetu kulikuwa na kamusi ya umeme aliyoivaa shingoni kwa kamba. Anabonyeza, na mwanamke aliyemo ndani anatamka neno moja la Kiingereza kwa sauti ya matangazo. Siku ya kwanza alinibonyezea maneno matatu: kazi, mume, meno. Nilipomsimulia Mishi aliacha kupaka mafuta miguuni. "Meno? Kwani anataka kukuuza? Ng'ombe ndiye huangaliwa meno, aki." Tulicheka, lakini usiku huo niliweka pasipoti yangu ndani ya foronya.

Tulimpatia chumba cha mbao kilichoachwa na Waganda wawili, upana wa kitanda na hatua moja. Siku ya pili bomba la jikoni, lililokuwa likivuja tangu tuhamie, lilinyamaza. Siku ya tatu la bafuni. Nilirudi kazini nikamkuta amelala chali chini ya sinki la jirani Mfilipino, miguu nje, akisema peke yake, "Kaza. Kaza. Bado." Kisha akaingia jikoni. Alipika tambi na mboga za majani, vipande vya nyama na kitunguu saumu kingi, akaniwekea bakuli mezani, akasimama mlangoni kunitazama mpaka nilipomaliza. Nilinusa kila bakuli kabla ya kula. "Nyama gani?" nilimuuliza. Mwanamke wa kwenye kamusi akajibu: kuku. Nikala, lakini sikuamini. Kuta zilikuwa za mbao tu, na jioni moja nilimsikia Mishi akiongea na dada yake kwenye simu: "Buda wa Rukia amerekebisha kila kitu hapa. Hata feni. Hakuna mtu mzuri hivyo bure, wacha nikwambie. Kuna kitu anatafuta." Hakuwa akisengenya. Alikuwa akisema kile nilichokuwa nakifikiri mimi mwenyewe nikiwa na kijiko mdomoni.

Viza yake ilikuwa ya miezi mitatu. Ilipokaribia kwisha nilidhani mambo yamekwisha. Akapanda basi hadi mpaka wa Oman, akarudi jioni na muhuri mpya na kilo moja ya tende. Harusi nayo ilikuwa haisogei. Bi Zuwena, aliyekuwa na haraka wakati baba hayupo, sasa hakuwa na haraka tena. Alitaka kwanza amjue mzee. Alitualika chakula cha mchana. Nassor alimpokea mlangoni kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," na baba akajibu, "Nzuri, nzuri." Kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka, na sahani ya pilipili ambayo baba aliimaliza kwa kijiko huku watu wakimtazama kwa heshima. Nilikwenda kusaidia vyombo, na kutoka jikoni nikamsikia Bi Zuwena akimnong'oneza dada yake: "Amekula, amekunywa, ameteuka. Lakini bismillahi mie sijaisikia. Wewe umeisikia?" Dada yake akasema labda ameisema moyoni. "Moyoni!" akasema Bi Zuwena. "Mbona pilipili hakuila moyoni?"

Ijumaa iliyofuata Nassor alimchukua kwenda msikitini. Walirudi alasiri nikiwa nimeshatoka kazini, baba mchangamfu. Nassor akaniita kando kwenye ngazi. "Rukia, mzee hakuingia. Alikaa nje kwenye kivuli akatulindia viatu. Nilipotoka nilivikuta vimepangwa, vya watu wote, kwa saizi." Nilimwambia kwamba baba ana tatizo la tumbo, udhu haumkai. Niliisema haraka, bila kupepesa, na Nassor akashukuru kupata sababu. Naukumbuka sana uwongo ule kwa sababu ulitoka mzima mzima, kama vile ulikuwa umekaa tayari ukisubiri kuitwa.

Baada ya hapo nilianza kumfuata. Kila Jumatano, siku yangu ya mapumziko, alitoka na mfuko wa kitambaa, na Jumatano moja nikamwacha atangulie, nikashuka nyuma yake. Alitembea hadi duka kubwa la vyakula, akapita matunda, akapita mikate, akafika mwisho kabisa, kwenye mlango wa chumba cha pembeni chenye maandishi kwamba ni cha wasio Waislamu. Kila aliyekaa Dubai anavijua vyumba hivyo, na ni wachache wetu waliowahi kuona ndani. Alisukuma mlango bila kuangalia kushoto wala kulia, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nilisimama kwenye rafu ya sabuni mpaka alipotoka. Kesho yake, alipokuwa akioga, niliingia kwenye chumba chake cha mbao, nikakuta nyuma ya uyoga kopo dogo lenye picha ya nguruwe, na kando yake kijiko chake mwenyewe na sufuria yake ndogo, vyote vimefungwa gazetini, mbali na vyombo vyetu. Wakati ule niliona kopo tu. Miaka mingi ilipita kabla sijaanza kufikiria lile gazeti, na uangalifu wa kutenga kijiko.

Sasa nilijua, na kujua hakukunifanya mkweli. Ningeweza kwenda kwa Bi Zuwena nikamwambia: baba yangu si Muislamu, au aliwahi kuwa akaacha. Badala yake niliamua atasema yeye ni Muislamu. Kila alasiri nikitoka kazini tulikaa kwenye ukingo wa kitanda chake na nikamfundisha shahada, neno kwa neno. Aliandika sauti zake kwa herufi za kwao, akarudia kama anavyofunga skrubu, robo duara kwa robo duara. Siku ya nne aliniuliza, "Hii nini?" Nikasema, "Maneno ya harusi." Akabonyeza kamusi. Wimbo? Nikasema ndiyo, kama wimbo. Najua leo uzito wa nilichofanya. Nilichukua maneno ambayo watu wamekufa nayo midomoni, nikampa mtu kama namba ya siri ya mlango. Na yeye alikuwa mwanafunzi mzuri. Mishi alisikiliza kutoka upande wa pili wa mbao, na tulipomaliza akaniambia, "Mimi siingilii. Lakini hiyo unayofanya, Rukia, hata mimi ninayeruka swala naiogopa."

Siku ilipangwa. Sheikh aliyekuja alikuwa mzee wa Kiunguja aliyeitayarishia familia ile karatasi zao zote kabla hazijapelekwa mahakamani. Wanaume walikaa sebuleni; mimi na Bi Zuwena tulisimama nyuma ya mlango uliorudishwa, sikio kwenye mbao. Nilimsikia sheikh akimkaribisha Mzee Idrisa, akamuuliza kama anamridhia Nassor kwa binti yake. "Kijana nzuri," akasema baba. "Gari safi." Wakacheka. Sheikh akasema, kwa upole kabisa, basi atusomee shahada kidogo, kwa ajili ya karatasi tu. Nyuma ya mlango nilianza kuisoma kwa midomo, bila sauti, ili nimvute. Kiyoyozi kiliunguruma. Kisha nikasikia: "Hii hapana."

"Hapana nini, mzee?"

"Hii maneno mimi jua. Mtoto fundisha. Mimi uliza rafiki, rafiki sema hii maneno kubwa. Mimi sema, uwongo."

Rafiki huyo nilikuja kumjua baadaye, Mchina Muislamu mwenye duka la tambi mtaa wa pili, aliyevaa kofia nyeupe. Baba alikuwa amempelekea karatasi yake ya sauti na kumuuliza ni wimbo gani. Lakini pale nyuma ya mlango nilichofikiria ni neno moja. Uwongo. Hakuwa nalo neno hilo alipokuja. Alikuwa amelitafuta mahali, akalibeba mpaka pale.

"Mimi si Idrisa," akaendelea. "Mimi Liang. Karatasi iko." Nikasikia karatasi ikikunjuliwa, na sheikh akisoma taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa. Kilikuwa cheti cha ndoa ya bomani, Handeni, jina la mama yangu na jina la Kichina. Hakuna Idrisa. Hakuna msikiti. "Mama jua," baba akasema. "Mama sema sawa."

Sheikh ndiye aliyekuwa muungwana kuliko sisi wote siku ile. Alisema mzee amemwokoa, maana angeandika jambo lisilo na kweli na kulitia sahihi. Alisema hili lina njia, mwanamke asiye na walii hakimu humsimamia, nalo si jambo la kuvunja nyumba. Lakini Bi Zuwena alikuwa hasikilizi tena habari za walii. Alikuwa ananitazama mimi. "Kwa hiyo mamako aliolewa bomani, na mtu asiye wa dini, akawaambia watu ni msikitini. Na wewe ulikuwa ukijua?" Nikasema sikujua. Kwa upande wa mama ilikuwa kweli. Kwa upande wa baba ilikuwa uwongo, na Bi Zuwena aliligawa jibu langu mbele ya macho yangu, nusu hii na nusu ile, kama mtu anayechambua mchele. "Haya," akasema. "Tutaona."

Nyumbani nilimfokea. Nilimfokea kwa Kiswahili kizima, kile cha shule na cha Tanga, maneno ambayo hakuwa nayo hata moja: kwamba ningekuwa na nyumba, kwamba sikumwomba ukweli, nilimwomba dakika moja, kwamba alikaa kimya miaka ishirini na nne na angeweza kukaa kimya siku moja zaidi. Alisikiliza amekaa wima, mikono juu ya magoti. Nilipoishiwa na pumzi akasema, "Pole pole," akaenda kuchemsha maji. Sikumsemesha kwa wiki mbili. Bakuli la tambi niliendelea kulikuta mezani, na niliendelea kulila, ila sasa nilikula nimempa mgongo. Tikiti yake aliikata mwenyewe, kwa msaada wa mwenye duka la tambi, na akanionyesha tarehe kwa kidole.

Nassor alijitolea kutupeleka uwanja wa ndege. Baba alikaa nyuma na sanduku lake. Mfarishi aliuacha, umetandikwa kitandani kwangu, na Mishi alikuwa ameshaulalia. Tulikuwa hatujafika daraja la kwanza Nassor aliposema, macho barabarani, "Mama amekubali."

"Amekubali nini?"

"Tufunge ndoa. Hakimu atakuoza, kama alivyosema sheikh. Ila watu wataulizauliza, unajua watu wetu. Kwa hiyo tutasema baba yako alifariki. Zamani, wewe mdogo. Alifariki Muislamu, anaitwa Idrisa, kama mamako alivyosema. Mzee anaondoka leo, nani atajua? Khalas, tunaanza upya." Alisema kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi, na naamini aliiona zawadi. Kwenye kioo macho yake yalikutana na ya baba, na baba akainua kidole gumba. "Gari nzuri," akasema. Nilikuwa nimeichukia kweli ya baba kwa wiki mbili, na sasa nilikuwa napewa ruhusa ya kuizika na yeye ndani yake, akiwa amekaa nyuma yangu anatabasamu.

Kwenye mlango wa wanaoondoka hairuhusiwi kusimamisha gari. Nassor alisema atazunguka, dakika kumi. Nikaingia na baba, nikasimama naye kwenye foleni, na kwa mara ya kwanza tangu afike niliacha kutafuta maneno yangu nikachukua ya kwake. "Mama sema wewe Muislamu," nikasema. "Mama sema msikiti. Mama uwongo?"

Alifikiri. Foleni ilisogea, tukasogea. "Mama ogopa," akasema.

"Ogopa nini?"

"Watu." Akaliinua sanduku, akalishusha hatua moja mbele. Kamusi ilikuwa shingoni lakini hakuigusa. "Mimi hapana ogopa. Mimi rahisi. Mimi kwenda." Akajionyesha kwa kidole, kisha akaonyesha chini, sakafuni, karibu na miguu yangu. "Mama baki."

Hakusema zaidi, na sijui kama alikuwa anajitetea au anajishtaki; nimeigeuza sentensi ile katika miji sita na bado inanielemea pande zote mbili. Alitoa pasipoti, akapimiwa sanduku, akatembea hadi mahali ambapo mimi siruhusiwi kupita. Hatukukumbatiana, si desturi yake wala hatukuwa tumejifunza. Aligusa sikio langu la kushoto kwa kidole kimoja, upesi, akaingia. Nilingoja mpaka kisogo chake kikapotea nyuma ya vichwa vya watu.

Kupitia kioo cha mlango niliona gari la Nassor likipita, likazunguka, likarudi, taa za pembeni zikiwaka. Nilimwona yeye mwenyewe, shingo nje ya dirisha, akinitafuta upande ambao sikuwepo. Ilikuwa imebaki hatua ishirini hivi kumfikia. Nikageuka nikafuata kibao cha metro, nikashuka ngazi, nikagonga kadi. Simu iliita nikiwa jukwaani, na treni ilikuwa inaingia.

"Uko wapi?" Nassor alikuwa anahema. "Polisi wananifukuza hapa, yalla."

"Watu wakikuuliza," nikamwambia, "waambie baba yangu ameondoka leo mchana, mzima wa afya, na anaitwa Liang."

Nikaingia ndani, na milango ikajifunga.